Diski za Baba

Jumapili, 3 Machi

Naandika kwa sababu nikisema nitagombana na mtu, na mtu mwenyewe ni kaka yangu, na Mama hapendi tugombane. Basi karatasi itavumilia.

Nimetoka zamu kule kwenye kiwanda cha dobi, mikono inanuka dawa ya kufulia, soksi zimelowa maana mvua za masika zimeamua kuanza leo. Naingia sebuleni nakuta ukuta mzima umekuwa televisheni. Nyeusi, nyembamba, pana kama kitanda. Meza ya chini yake iko tupu. Deki haipo. Boksi la diski halipo. Mama amekaa kwenye kiti chake, ameshika rimoti mpya kwa vidole viwili, kama mtu aliyeombwa ashikilie kitu kwa dakika moja tu na mwenyewe asirudi.

"Kaka yako kaniletea zawadi," akasema.

"Na deki?"

"Kaichukua. Anasema hii mpya haina pa kuingizia diski."

"Na diski zenyewe?"

"Kazichukua pia. Anasema siku hizi ni takataka."

Nilimpigia kaka papo hapo, hata viatu sijavua. "Mdogo wangu," akasema, kwa ile sauti yake ya kuuzia watu viti, "nani anakaa na madiski zama hizi? Ile tamthilia ipo kwenye intaneti, yote, mwanzo hadi mwisho. Kila kitu kipo." Hilo ndilo neno lake. Kule dukani kwao, wanakouza samani na vifaa vya ofisi, wenzake wanamwita Kila Kitu Kipo, na yeye anadhani wanamsifu. Nikamwambia arudishe vitu vya watu. Akaniambia sina shukrani. Nikakata simu kabla mdomo haujaniponyoka.

Karatasi haijui, kwa hiyo nieleze. Baba alikuwa mtia sauti. Tamthilia za nje zikiletwa, yeye na wenzake walijifungia kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro wakawasemea wale watu kwa Kiswahili. Katika ile ya familia yenye kiwanda cha sabuni, Baba ndiye aliyemsemea mwenye kiwanda, mzee mkali anayefoka kila kipindi. Kazi ilipokwisha na diski zikaanza kuuzwa, alikwenda dukani akanunua boksi zima kwa fedha yake. Kaka alimcheka: "Mtu ananunua maneno aliyoyasema mwenyewe? Utayaangalia mara ngapi?" Baba akasema mara nyingi tu.

Mwaka jana Baba alifariki. Tangu tumzike, kila jioni baada ya kula Mama anaweka diski moja, na hapokei simu ya mtu mpaka kipindi kiishe. Sauti nyingine ya Baba hatuna. Nani humrekodi mtu aliye chumba cha pili? Na Mama haangalii kimya kimya. Anajibizana naye. Mwenye kiwanda akinguruma, "Mtaniua na mawazo nyinyi!" Mama anamjibu, "Mawazo gani, wewe umekula umelala." Ni mazoea yao. Baba alijifunza kazi yake nyumbani, ananyoa ndevu huku Mama ameshika makaratasi, anawasoma wengine wote: mke, watoto, polisi, mpaka mbwa.

Leo jioni sebule ilikuwa kimya. Mvua tu.

Jumatatu, 4 Machi

Mama hakuiwasha. Nimepiga pasi mashuka mpaka bega likagoma.

Jumatano, 6 Machi

Kaka amekuja na wifi kutufundisha kutumia televisheni. Wifi alishika mfuko wa matunda, akakaa pembeni. Kaka alisimama mbele ya ukuta kama mwalimu, akabonyeza, akabonyeza tena, na kweli kiwanda cha sabuni kikatokea. Picha safi, hadi chunusi ya yule binti wa mwenye kiwanda inaonekana. Nilimwona Mama anasogea mbele kwenye kiti. Amejifunga khanga vizuri. Alikuwa amejiandaa, maskini.

Mwenye kiwanda akafungua mlango wa ofisi, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu mwingine. Sauti ya kijana mwenye mafua, anayesoma kama anatangaza basi limechelewa.

"Huyu nani?" Mama akauliza.

"Ndiye yuleyule, Mama. Mwenye kiwanda."

"Mwenye kiwanda namjua. Nauliza huyu anayesema ni nani."

Kaka akaanza kuhangaika na rimoti. Akaingia huku, akatokea kule, akatafuta lugha. Lugha zilikuwepo nyingi, Kiswahili kimoja tu, na ndicho hicho chenye mafua. "Wametia sauti upya," akasema. "Wameboresha."

Wameboresha! Mama akanyanyuka, akamwambia, "Asante, mwanangu, Mungu akuzidishie," akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Na mimi ninamjua Mama. Angefoka ningepumua. Akikushukuru hivyo, umemuumiza.

"Atazoea," kaka akasema.

"Atazoea nini? Atazoea Baba kuwa na mafua?"

"Punguza sauti."

"Boksi liko wapi?"

"Nimempa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu." Akajitia kuna ujumbe umeingia kwenye simu. Hakukuwa na ujumbe, kioo kilikuwa cheusi, nilikiona. Wifi alikuwa anaangalia sakafu. Huyu mwanamke miaka yote namwona wa kujisikia, haongei na sisi. Leo nimeona ameficha kitu mdomoni kama kipande cha barafu.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua haijapumzika. Mashuka ya hoteli yanarudi na matope ya viatu vya wageni, mashine za kukaushia zinalia, na msimamizi anapita nyuma yetu anahesabu pumzi zetu. Nilimsimulia yule tunayemwita Wanga, maana ndiye anayetia wanga vitambaa vya meza, na mdomo wake umekauka vilevile.

"Mimi kwa kweli namwelewa kaka yako," akasema. "Kitu nikishajua mwisho wake, sikirudii. Diski ni kununua usiku mmoja halafu ukafuta vumbi miaka kumi."

"Mume wako umekaa naye miaka mingapi?"

"Ishirini na ushee."

"Na hujajua mwisho wake?"

Chumba kizima kilicheka, hata msimamizi. Mimi sikucheka. Baadaye Wanga alinifuata kwenye makabati. "Basi usilie, nenda kanunue boksi jingine," akasema. "Diski si mume, zinauzwa." Silii mimi. Nina hasira. Watu hawajui tofauti.

Jumamosi, 16 Machi

NIMEPATA! Duka la nne. Mwenye duka ni mtu mzima anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Boksi lilelile, kiwanda kilekile juu yake, bado limo kwenye nailoni. Nikamuuliza, ni za Kiswahili? Akasema Kiswahili safi. Nimelipa bila kuomba apunguze, na mimi si mtu wa kulipa hivyo. Wanga ameniazima deki ya mkwe wake. Kesho.

Jumapili, 17 Machi

Naandika kwa haraka, sijui kama mwandiko huu nitausoma.

Kwanza, nilivuta ile televisheni kidogo kutoka ukutani kuangalia pa kupitishia waya, na nyuma yake, pamoja na matundu mengine, kuna matundu matatu ya rangi. Ya deki! Nikachomeka waya wa mkwe wa Wanga, ukaingia kama ulizaliwa humo. Kwa maneno mengine, deki yetu ingekaa palepale mezani na hakuna ambaye angekosa kitu. Kaka anauza vifaa vya ofisi, nyaya anazijua. Hakukosea. Alidanganya.

Pili, nikaweka diski ya kwanza. Mama alikuwa mlangoni, hakutaka kukaa. Mwenye kiwanda akafungua mlango, akafungua mdomo.

Mafua.

Nilikuwa nimeuliza kama ni Kiswahili. Sikuuliza Kiswahili cha nani. Boksi ni la toleo jipya, picha ya nje hawakubadilisha, wamebadilisha watu wa ndani.

Mama akaniwekea mkono begani. "Umejitahidi, mwanangu," akasema. Heri angenizaba kofi.

Jumanne, 19 Machi

Nimelirudisha boksi. Mwenye miwani amekataa. "Mzigo ukishafunguliwa haurudi, dada. Na sauti ni sauti, bora unaelewa." Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu, karatasi hii nataka niitunze. Boksi nimerudi nalo, nimelitupa chini ya kitanda.

Jumapili, 24 Machi

Mama analala mapema kuliko kuku. Jana niliunguza wali, nikasubiri anifokee. Alikula. Akasema una ladha. Mama huyu! Mama aliyekuwa akimgombeza muuza maziwa mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia!

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Kaka hapokei simu. Ananitumia picha za viti vya kuzunguka.

Jumapili, 31 Machi

Leo nimemfokea mama yangu, na sasa najua yote, na sijui hasira hii niiweke wapi.

Nimefika jioni, bado mwanga upo, mvua inashuka kwa ndoo. Toka getini nimeona mlango wa mbele umeachwa wazi, wazi kabisa, mbao zote mbili. Maji yameingia mpaka katikati ya sebule, zulia limeelea pembe moja. Nikadhani wezi. Nikadhani ameanguka. Nimekimbia na mwavuli umegeuka ndani nje, nakuta Mama amekaa kwenye kiti chake, miguu ndani ya maji, anaangalia mlango.

Nikafoka. Nikamuuliza kama anataka kuugua, kama anataka nimzike yeye naye, kama amerukwa na akili. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Akili zangu ninazo. Funga mlango, ulete kitambaa, ukae."

Nikafunga, nikaleta, nikakaa sakafuni palepale nakausha miguu yake. Akanisimulia. Naandika alivyosema, nisije nikasahau.

"Baba yenu na mimi tulikuwa tunakaa nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Kabla hajaniposa alikuwa ananiita Jirani. Baada ya kunioa akaendelea. Mbele yenu alikuwa ananiita Mama Watoto, mlango ukifungwa ni Jirani. Hakuna mwingine aliyelijua jina hilo. Mpaka wewe ulivyo mzee hivyo hukulijua.

"Sasa ile tamthilia, siku ya mwisho wamechoka, asubuhi inayofuata kazi inatakiwa, na mvua inapiga bati kiasi kwamba wanasubiri ipungue ndipo waseme. Pale mwenye kiwanda amefukuzwa na watoto wake, anarudi kwa mkewe, anagonga. Kwenye karatasi imeandikwa, 'Mke wangu, fungua mlango.' Mimi mwenyewe ndiye niliyemshikia hiyo karatasi, nakijua kila kituo. Kumbe kule chumbani, kwa uchovu, na ile mvua, akasema, 'Jirani, fungua mlango, nimelowa.' Fundi mitambo hakusikia kosa. Wenzake hawakusikia. Ikapita, ikatiwa kwenye diski, ikauzwa nchi nzima. Watu wakajiuliza huyu mzee jirani yake ni nani.

"Aliigundua yeye mwenyewe, imeshatoka. Akaja na boksi zima kwapani, uso umemwiva kwa aibu. 'Nimekuingiza kwenye tamthilia,' akaniambia. Unadhani alinunua lile boksi kusikiliza sauti yake? Sauti yake alikuwa ameichoka. Alinunua kwa ajili ya neno moja."

Nikamuuliza ni diski ipi. Akasema ameipaka tone la rangi ya kucha, nyekundu, karibu na tundu, maana maandishi hayaoni vizuri.

"Na mlango, Mama? Kwa nini uliufungua?"

"Mvua ikipiga hivi ndipo anapoita. Nimesubiri, hakuna wa kuita. Nikafungua tu mwenyewe." Akaona ninavyomwangalia. "Usinitazame hivyo. Najua amekufa. Nilimwosha uso kwa mkono huu."

Nimekumbuka kitu. Baba alikuwa anatembea na funguo mfukoni kila siku ya maisha yake. Na kila siku aligonga.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda mwenyewe dukani kwa kaka. Amekaa katikati ya viti vipya ambavyo bado vimevishwa nailoni, kila akijisogeza nailoni inapiga kelele. Kulikuwa na wateja wawili. Sikujali.

"Deki ingechomekwa," nikamwambia. "Nimeyaona matundu. Kwa nini ulidanganya?"

"Twende nje."

"Siendi nje. Nje mvua."

Wateja wakaanza kupendezwa na meza za mbali. Nilimwambia habari ya Jirani, yote, kwa sauti ambayo najua hata mtunza hesabu alisikia nyuma ya kioo. Kaka alishika mkono wa kiti, nailoni ikalia, akaachia.

"Hilo sikulijua," akasema. "Naapa sikulijua."

"Ulichojua ni nini?"

Akasema bila kunitazama, na ile sauti ya kuuzia viti ilikuwa imekwenda.

"Wiki ile ya kwanza baada ya mazishi nilikuja kumwona Mama. Nimefika barazani namsikia Baba yuko ndani anafoka. Unaelewa? Nilikimbia. Mimi, na tumbo hili, nilikimbia nikaingia nacheka. Nikakuta televisheni. Nimemshusha kaburini kwa mikono yangu miwili, halafu nakimbilia mlangoni nacheka kama mtoto. Na kila nikija ni hivyohivyo. Najua siye, na miguu bado inataka kukimbia. Nikasema nitanunua kubwa, nzuri, yenye kila kitu, haya yaishe."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Mama, usimsikilize mumeo, mimi naumia?"

Nimekuja na hasira moja iliyonyooka, ameniharibia. Sasa nina hasira na huruma, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko hasira peke yake. Nilimuuliza tena boksi liko wapi. Akasema alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mtaani kwao na mkokoteni. Deki, boksi na feni mbovu, vyote kwa pamoja. Hakujua anaishi wapi.

Nikiwa njiani kurudi, simu yangu ikaita. Ni wifi. Miaka yote hii hajawahi kunipigia. "Kaka yako kanieleza sasa hivi. Namjua yule wa vyuma," akasema. "Nilimfuata siku ileile nikamwomba zile diski, akaniambia ameshampa mtu. Kaka yako alinikataza nisiseme. Jumamosi nitakupitia."

Jumamosi, 6 Aprili

Nimelowa, nimechoka, nina matope mpaka magotini, na leo kwa mara ya kwanza naandika huku nacheka. Hasira ipo, imeketi pembeni inasubiri zamu yake.

Wifi alikuja amevaa mabuti ya mpira. Sikujua anayo. Mnunuzi wa vyuma tulimkuta chini ya turubai anapasua moyo wa friji. Deki, akasema, ameshaifumua siku nyingi, amechukua shaba. Diski? Diski hazina chuma, angezifanyia nini? Amempa mwanamke mwenye bustani kule bondeni kwenye mfereji. "Anafukuzia ndege."

Tulishuka. Nimeona kwa mbali kabla sijaelewa. Matuta ya mboga, juu yake kamba zimevutwa kutoka mti hadi mti, na kwenye kamba diski zinaning'inia kila hatua mbili, zinazunguka kwa upepo, zinametameta hata bila jua. Baba yangu. Ametundikwa juu ya kabichi.

Mwenye bustani alikuwa ameinama na jembe. Mwanamke wa makamo, shingo fupi, macho hayana mchezo. Nilimsalimu, nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pole," akasema. "Lakini hapana. Kabla ya hizi, ndege walinimalizia miche yote. Nikizitoa leo, kesho nalima upya."

"Ni sauti ya baba yangu!"

"Kwangu hazina sauti, mama. Kwangu zinang'aa. Na ninyi mlizitupa, mimi nikaziokota nikazipa kazi."

Damu ilinipanda. Kwa sababu ana haki, ndiyo maana ilinipanda. Nilifungua mdomo nimpe ya kwangu, wifi akanivuta kwenye mkono. "Lile boksi ulilolinunua liko wapi?" akaninong'oneza.

Chini ya kitanda!

Wifi alibaki bondeni kama rehani, akapewa jembe. Mimi nikapanda kilima, nikaenda nyumbani, nikarudi na mafua yote kwenye mfuko. Mwenye bustani akatoa diski moja mpya, akaigeuza, akaitundika kwenye kamba, akarudi nyuma kuitazama. Shomoro wawili wakaruka kutoka kwenye tuta. "Hii ina makali zaidi," akasema, amefurahi kabisa. Tukabadilishana diski kwa diski, tunafungua kamba kwa meno maana mafundo yalikuwa yameloa. Nilikuwa nageuza kila moja natafuta tone jekundu. Nimeliona kwenye kamba ya mwisho, mbali, kwenye kona ya mfereji. Nimepiga ukelele mpaka wifi akaangusha jembe.

Yule kijana wa mafua sasa analinda kabichi. Nadhani ndiyo kazi inayomfaa.

Jumatano, 10 Aprili

Wanga amezisafisha zote wakati wa mapumziko ya chakula. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini cha meza ya hoteli, anafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, hakuna kuzungusha. Msimamizi akaja, akauliza hii ni kazi ya mteja gani. "Mteja maalumu," Wanga akajibu. Aliposhika ile yenye tone jekundu aliishika kwa ukingo, pumzi ameibana. Huyu ndiye aliyesema diski ni vumbi tu.

Mikwaruzo ipo mingi. Sijamwambia Mama chochote cha kumpa matumaini.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemwekea Mama diski mezani. Nikamwambia tujaribu ile nyekundu kwanza, tujue moja. Akakataa. "Hajafukuzwa bado," akasema. "Tutaanza mwanzo, kwa utaratibu wake." Ya kwanza imecheza nusu, ikaganda. Lakini ile nusu! Mwenye kiwanda akafungua mlango, akafungua mdomo, na glasi zikatetemeka kabatini. Mama akasogea mbele kwenye kiti. Alikuwa anasikiliza tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Ya nne haisomi kabisa. Nimempigia kaka nikamwambia, ya nne umeiua. Akasema, najua.

Ijumaa, 19 Aprili

Mama bado hajamjibu Baba hata mara moja. Diski zinacheza, zinaruka, anaangalia amekunja mikono. Naogopa kwamba tumemrudisha Baba tu, na ile kelele ya Mama imebaki bondeni.

Jumapili, 21 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya tone jekundu.

Wifi alikuja mapema, akakaa kwenye mkeka karibu yangu. Kaka alikuja naye, lakini hakuingia. Alibaki barazani chini ya ukingo wa bati, mvua inamrukia suruali. Mama alimwona dirishani, hakumwita. Mimi pia sikumwita. Nilitaka alowe.

Diski iliganda mara mbili. Mara ya kwanza watoto wanamfukuza mzee, midomo imebaki wazi. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Mara ya pili ni barabarani. Nilishika deki ya mkwe wa Wanga kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mgonjwa. Ikakwaruza, ikaruka, ikafika mlangoni.

Mvua ndani ya televisheni, mvua juu ya bati letu. Mzee amesimama mlangoni kofia inachuruzika. Akagonga. Halafu Baba akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika maisha yangu yote, kwa sababu haikuwa yetu sisi, ilikuwa ya mlango ukishafungwa:

"Jirani, fungua mlango, nimelowa."

Mama akapiga mkono wa kiti.

"Funguo si unazo?" akafoka. "Kila siku unazo mfukoni, kila siku unagonga! Umeniacha na nyumba, umeniacha na mvua, umeniacha na watoto wanaogombana kama paka, halafu unakuja kunigongea! Unazo funguo! Ingia!"

Alifoka mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Mwanamke wa kwenye televisheni alishafungua mlango, mzee alishakaa, wanakunywa chai, Mama bado anafoka, machozi yanamtoka na hayamzuii. Yote niliyoyaandika humu tangu Machi nikidhani ni hasira yangu, alikuwa nayo yeye, kubwa kuliko yangu, na hakuwa na wa kumpa.

Kisha akageuka kuelekea barazani bila kupunguza sauti.

"Na wewe uliye nje! Mlango uko wazi!"

Kaka akaingia. Viatu vinavuja, uso hautazamiki. Nilimpa taulo. Sijamsamehe, lakini taulo nilimpa. Akakaa kwenye ukingo wa meza, karibu na deki, anajifuta shingo, haangalii mtu.

"Rudisha nyuma," Mama akasema.

Rimoti ya deki ilikuwa karibu na mkono wa kaka. Akaichukua, akarudisha.